Maswali ya Wasomaji: Droni Juu ya Shule na Viwanja vya Wazi

Ukurasa wa mwezi huu tumewaachia wasomaji wa Mwanza. Barua zao zote zinahusu jambo moja: droni, au ndege nyuki kama wengi wanavyoziita, zinazorushwa kwa kazi ya kulipwa karibu na shule, bustani na viwanja vya watu wote. Barua ndefu tumezifupisha.

Napiga picha za harusi na mahafali hapa Igoma. Shule ya msingi imeniita nirekodi mahafali ya darasa la saba kwa droni, na mwalimu mkuu ameshaniandikia barua ya kukubali. Barua hiyo inatosha? Na niruke kimo gani ili niwe salama juu ya watoto?
*Mpiga picha, Igoma*

Ndugu yetu, barua hiyo unaihitaji, ila haitoshi. Mwalimu mkuu ana kauli juu ya uwanja wa shule, lakini hana kauli juu ya anga iliyo juu ya uwanja huo. Anga ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na ndege zinazoongozwa kwa mbali zina kanuni zake tangu 2018. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo lazima iridhie. Kwa hiyo usimtajie mteja tarehe, wala usipokee malipo ya awali, kabla kibali hakijawa mkononi. Ombi lako likiwa na aina ya droni, namba yake ya kiwandani, uzito, siku, saa, nukta za GPS za uwanja na barua ya mwalimu mkuu kama kiambatisho, litasomeka vizuri kuliko lile lisemalo tu "naomba kurusha droni Mwanza". Na kama shule ni ya serikali, mwombe mwalimu mkuu alipeleke jambo hili pia kwa kamati ya shule na kwa mkurugenzi wa jiji, ili siku ya mahafali asitokee mtu na kusema hakuwa na habari.

Kuna ruhusa nyingine ambayo wapiga picha wengi huisahau: ya sura za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Mzazi kukaa kwenye turubai akitazama droni si sawa na mzazi kukubali. Andaa fomu ya nusu ukurasa yenye jina lako na simu yako, video itakwenda wapi, itakaa muda gani, na sehemu ya kutia saini. Ipite kwa wazazi wiki mbili kabla. Wapo watakaokataa, na wana haki. Mwombe mwalimu wa darasa awapange watoto wao upande mmoja wa turubai, upande ambao kamera haigeukii. Hilo ni rahisi kuliko kukata vipande vya video usiku kucha.

Sasa kimo. Hapa swali lenyewe ndilo lina kasoro, kwa sababu hakuna kimo kilicho salama juu ya watoto. Droni ya gramu 900 ikizima mota ikiwa m 60 juu, huchukua kama sekunde tatu na nusu kufika chini. Hewa itaipunguza kasi kiasi, lakini bila hewa ingetua kwa mwendo wa km 120 kwa saa hivi. Propela ni za plastiki; kinachoumiza zaidi ikianguka ni betri na mwili wa kamera, vitu vizito na vigumu. Ukipanda juu zaidi unaongeza nguvu ya kuanguka, huongezi usalama.

Kinachookoa ni umbali wa pembeni. Chukua kanuni ya moja kwa moja, yaani umbali wa pembeni ulingane na kimo: ukiwa m 30 juu, kaa angalau m 30 nje ya mstari wa mwisho wa watu, ukiwa m 60 juu, kaa m 60. Inatokana na hesabu. Droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde, ikizima ghafla kutoka m 60, husogea mbele kama m 35 kabla ya kugusa ardhi, na upepo wa ziwani unaweza kuongeza hapo. Kanuni ya moja kwa moja inakuachia nafasi ya kosa. Nasi tunaongeza sharti letu: kwenye shule, hata ukiruka chini kabisa, usisogee karibu zaidi ya m 50 na watoto. Kibali chako kikitaka zaidi, fuata kibali.

Tuseme turubai liko katikati ya uwanja na meza kuu iko upande wa madarasa. Wewe chagua upande wa uzio usio na lango, kwa maana langoni watu hawaishi kuingia. Ruka sambamba na uzio, kamera ikitazama ndani kwa mshazari. Picha hiyo, kwa maoni yetu, ni nzuri kuliko ile ya kutoka juu moja kwa moja: nyuso za wazazi zinaonekana, majoho yanaonekana, na miamba ya nyuma ya shule inaingia kwenye fremu. Ile ya juu kabisa huonyesha mabati na vichwa.

Hatari kubwa inakuja wakati wa kutua. Watoto wakiiona droni inashuka wanaikimbilia, wote, na mwalimu mmoja hawezi kuwazuia. Propela zinazunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika na hukata vidole. Zungushia kamba eneo la kutulia, mita tano kila upande, na umweke mtu mzima ambaye kazi yake ni hiyo tu: kutazama watu, si kutazama droni. Asiwe mwalimu wa zamu, ana mengine. Usidake droni kwa mkono mbele ya watoto. Kesho yake watajaribu na ya mtu mwingine.

Droni yangu ina gramu 249. Nimesikia iliyo chini ya gramu 250 haihitaji kibali. Ni kweli?
*Kijana wa Nyakato*

Namba hiyo imetoka kwenye kanuni za nchi nyingine, na hata huko haimaanishi unavyodhani. Marekani, kwa mfano, anayeruka kwa kujifurahisha na droni iliyo chini ya gramu 250 hahitaji kuisajili, lakini akiitumia kwa kazi ya biashara anaisajili hata kama ni nyepesi namna gani. Hapa kwetu kazi ya kulipwa inapita TCAA. Vilevile, programu ya simu kukuruhusu kuwasha mota si kibali. Programu inajua ramani ya kampuni iliyoitengeneza, haijui umeandikiwa nini na nani.

Nilirusha droni kutoka ufukweni upande wa Bwiru. Ilipoteza mawasiliano ikaanza kujirudisha yenyewe, ikagonga mwamba. Kimo cha kurudi nilikuwa nimekiweka m 30. Kosa lilikuwa wapi? Chini ya mwamba ule kuna njia ya wanafunzi, nashukuru walikuwa darasani.
*Fundi wa video, Kirumba*

Kosa ni la kawaida sana katika mji huu, na linastahili kuelezwa taratibu.

Namba ya kimo unayoiona kwenye skrini haihesabiwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Inahesabiwa kutoka pale ulipowashia mota. Ulianzia ufukweni, hivyo m 30 ilikuwa m 30 juu ya ukingo wa ziwa. Mwanza ardhi hupanda ghafla. Hatua chache toka majini tayari uko kwenye mlima, na juu ya mlima kuna jabali. Jabali likifika m 45 juu ya ziwa, droni yako inalifuata kama msumari.

Kosa hilo lina ndugu yake, na huyo anawapata wanaorusha toka juu. Mamlaka nyingi duniani hutumia kikomo cha futi 400, yaani m 120 hivi, na kimo hicho hupimwa kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ukisimama juu ya kilima kilicho m 70 juu ya uwanja wa michezo, ukapandisha hadi skrini ikaandika 60, kisha ukaelekea uwanjani, sasa uko m 130 juu ya uwanja. Umeshavuka kikomo huku skrini inakuambia bado una nafasi tele. Na ikianguka, inaanguka m 130.

Dawa yake ni kupima, si kukisia. Kabla ya kazi, pandisha droni polepole upande usio na watu mpaka kamera, ikiwa imenyooshwa sawasawa mbele, ione ncha ya kitu kirefu kuliko vyote katika njia yako: mwamba, mnara wa simu, muembe wa shule. Soma namba, ongeza m 20, hicho ndicho kimo cha kurudi. Kiandike kwa kalamu kwenye karatasi ya kazi. Ukihamia sehemu nyingine kuanzia kuruka, pima upya, hata kama umehamia mita mia tu.

Halafu mawasiliano yenyewe. Mawimbi ya rimoti, ya GHz 2.4 na 5.8, hayapenyi jabali. Droni ikijificha nyuma ya mwamba, inakata. Kaa mahali unapoiona kwa macho muda wote, si kwenye skrini. Hilo peke yake lingezuia ajali yako. Katika mipangilio, chagua itakachofanya ikipoteza mawasiliano. Kuna kusimama angani, kutua papo hapo, na kurudi. Karibu na shule usichague kutua papo hapo hata siku moja, kwa kuwa papo hapo panaweza kuwa katikati ya paredi.

Angalia pia ulipowashia. Sakafu ya zege ina nondo, na nondo huipotosha dira. Paa la mabati na bodi ya gari hali kadhalika. Dira ikipotoka droni huanza kuzunguka duara linalopanuka, na rubani mgeni huivuta upande usio sahihi. Washa kwenye udongo mtupu, mita kumi au zaidi toka kwenye gari na jengo.

Na betri: Mwanza tuko zaidi ya m 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia kumi. Propela zinafanya kazi zaidi kubeba uzito uleule. Kijitabu kikisema dakika 30, panga 20, na anza kurudi asilimia 30 ikiwa imebaki. Ikishuka sana, droni nyingi hutua zenyewe palipo chini yao, na hapo hazikuulizi nani yuko chini.

Halmashauri inataka ramani ya kiwanja cha shule yetu kwa ajili ya hatimiliki. Mpimaji anataka kuja na droni siku ya masomo, anasema atakuwa juu sana na watoto hawataonekana. Nimkubalie?
*Mwalimu mkuu, Ilemela*

Mwalimu, mwambie aje Jumamosi saa 1 asubuhi, au likizo ya Juni au Desemba. Kazi yenyewe ni fupi kuliko anavyoifanya ionekane. Kamera ya kawaida ya upimaji, yenye pikseli 5,472 kwa upana na lenzi inayolingana na ya mm 24, ikiwa m 60 juu inaona kipande cha ardhi cha m 90 kwa m 60. Kwa mwingiliano wa picha wa asilimia 70 kati ya mistari ya kuruka, umbali kati ya mstari na mstari ni m 27. Kiwanja cha m 200 kwa m 200 kinamalizwa na mistari minane, jumla chini ya kilomita mbili pamoja na kugeuka. Kwa mwendo wa mita tano kwa sekunde ni dakika saba. Betri moja! Hakuna sababu ya kuifanya dakika hizo saba juu ya watoto mia tano walio mapumzikoni.

Kuhusu kuonekana, ana kweli kidogo. Kwa m 60 kila pikseli ni sm 1.6 za ardhi, hivyo uso wa mtoto wenye upana wa sm 12 ni pikseli saba tu, huwezi kumtambua. Lakini akishuka hadi m 15 kupiga ukuta wa darasa, uso uleule unapata kama pikseli 30, na hapo mama yake anamtambua. Ramani nayo inaharibika watu wakiwepo: programu inaunganisha picha kwa kulinganisha vitu visivyosogea, na watoto wanaokimbia huacha mabaka. Jumamosi inamfaa hata yeye.

Jambo moja hatulilegezi. Siku za mitihani ya taifa, Septemba kwa darasa la saba na Novemba kwa kidato cha nne, droni isiwe karibu na shule kwa sababu yoyote ile. Mlio wake unamtoa mtoto kwenye hesabu, na wewe utaitwa kueleza kamera ilikuwa inatafuta nini dirishani.

Droni ilizunguka juu ya shule ya chekechea ya mwanangu hapa Nyegezi wakati wa mapumziko. Walinzi walitaka kuiangusha kwa mawe. Tufanye nini ikirudi?
*Mama wa watoto wawili*

Mama, hofu yako ni ya haki. Ila mawe hapana: likikosa linarudi juu ya watoto, likipata droni ndiyo inawaangukia.

Kwanza watoto waingie darasani, bila kelele. Kisha mtu mmoja aandike saa, rangi, imetoka upande gani na imerudi upande gani, na airekodi kwa simu. Upande iliorudi ndio muhimu, maana rubani huwa yuko ndani ya mita mia chache, mara nyingi kasimama na rimoti pembeni ya gari au juu ya ghorofa. Watu wazima wawili waende kumwuliza kwa upole kibali chake. Mwenye kibali hukitoa, na wakati mwingine hata hakujua pale ni shule. Asiye nacho, au anayekimbia, taarifa iende kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi na TCAA. Kama picha za watoto zimeshasambazwa, malalamiko yapelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ikianguka yenyewe, mtoto asiiguse. Betri ya lithiamu iliyobonyea inaweza kukaa kimya dakika kadhaa kisha ikalipuka moto wenye moshi mbaya. Wasogezeni watoto mita 15 au zaidi upande upepo unakotokea, wekeni ndoo ya mchanga karibu, na iacheni kadi ya kumbukumbu ndani yake mpaka polisi wafike.

Nasimamia bustani ya familia ufukweni. Kila Jumamosi wapiga picha wa harusi wanakuja na droni, mbili au tatu kwa wakati mmoja, na watoto wanacheza chini. Sitaki kuwafukuza. Niwape masharti gani?
*Msimamizi wa bustani, Nyamagana*

Una kitu ambacho mpiga picha wa Igoma hana: maji. Mwaka 2018 mradi wa kampuni ya usafirishaji DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na watengeneza droni Wingcopter ulijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa droni, km 60 kwa wastani wa dakika 40, njia kubwa ikiwa juu ya ziwa. Juu ya maji hakuna darasa wala soko. Wapiga picha wako nao wapande karibu na ukingo, watoke moja kwa moja juu ya ziwa, kisha wageuze kamera itazame nyuma. Bibi na bwana harusi wanapatikana, bustani na miamba inapatikana, na ikizima inaingia majini. Ila watazame mitumbwi na waogeleaji kwanza, na wasishuke chini ya mita tano: vihisi vya tumboni vinachanganywa na mawimbi, droni ikadhani ardhi iko mbali au karibu kuliko ilivyo.

Ruhusu droni moja kwa wakati. Mbili zikiwa angani, kila rubani anatazama yake. Muda mzuri ni asubuhi, kabla ya saa 4. Kuelekea adhuhuri upepo wa ziwani hunyanyuka, na droni iliyotoka bila shida inarudi kwa kupigana. Mwewe nao, hasa wanaotokea upande wa soko la samaki la Mwaloni, huishambulia droni wakidhani imeingia himaya yao. Akija, rubani apande juu wima kuelekea ziwani, kisha arudi akatue. Asijaribu kumkimbia kwa kukata katikati ya bustani.

Kisiwa cha Saanane wasikivuke. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013 chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na droni huko inataka ruhusa yao pia. Uwanja wa ndege uko Ilemela, na ndege zinazoshuka kwenda huko zinapita chini juu ya ziwa. Wakisikia injini, washuke mara moja. Kusubiri waione ni kuchelewa.

Kwa ubao wa getini tunapendekeza maneno haya, kwa herufi kubwa: "Droni: onyesha kibali cha TCAA kwa msimamizi. Moja kwa wakati, mwisho saa 4 asubuhi. Kupaa na kutua ni ndani ya kamba tu. Usiruke juu ya watu. Hakuna droni siku ya tamasha la watoto." Kamba ya mita kumi kwa kumi ifungwe kwenye vigingi upande wa maji, mbali na bembea.